Chuck Berry, kazi yake na visa vyake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukishika gitaa la umeme mbele ya watu, ipo siku mmoja wao atakuomba upige ule utangulizi wa "Johnny B. Goode". Ukiuweza, maswali yanaanza: nani aliupiga kwanza, kweli alifungwa, kweli wazungu walimwibia? Haya hapa ndiyo ninayoulizwa zaidi. Majibu mengine yamerefuka kwa sababu mambo yenyewe yana mizunguko.

Chuck Berry ni nani?

Ni Charles Edward Anderson Berry, Mmarekani mweusi aliyezaliwa St. Louis, jimbo la Missouri, tarehe 18 Oktoba 1926, akafariki 18 Machi 2017 akiwa na miaka 90. Vitabu humwita mwimbaji, mpiga gitaa na mtunzi. Mimi ningemtanguliza mtunzi, na huko mbele nitaeleza kwa nini. Katika kizazi chake cha rock and roll wengi waliimba nyimbo walizoandikiwa. Elvis Presley ndiye mfano mkubwa. Berry aliandika maneno mwenyewe, akaimba mwenyewe, na solo ya gitaa akaipiga mwenyewe.

Alikulia kwenye umaskini, si ndiyo?

Hapana, na hapa watu wengi hushangaa. Alikulia The Ville, mtaa wa watu weusi waliokuwa na uwezo wa kadiri. Baba yake alikuwa mkandarasi wa ujenzi na shemasi wa kanisa la Kibaptisti, mama yake alikuwa mwalimu. Nyumbani mashairi na nyimbo za kanisa zilikuwa jambo la kila siku. Mwaka 1941, akiwa mwanafunzi wa Sumner High School, alipanda jukwaa la shule akaimba wimbo wa bluzi wa mambo ya wakubwa. Wanafunzi walishangilia kuliko walimu.

Kabla muziki haujamlipa alifanya kazi za kila namna: useremala na baba yake, kiwanda cha magari, usafi wa majengo. Alisomea pia ususi na urembo katika chuo cha Poro, kilichoanzishwa na Annie Malone, mwanamke mweusi aliyetajirika kwa biashara ya dawa za nywele. Kwa hiyo mwasisi wa rock and roll alikuwa na ujuzi wa saluni, na nywele zake kwenye picha za zamani zinathibitisha.

Ni kweli alifungwa?

Mara tatu, kwa makosa matatu yasiyofanana.

Mara ya kwanza ni 1944. Alikuwa bado kijana wa shule, akaenda na wenzake hadi Kansas City, wakapora maduka kwa bastola na kunyang'anya gari. Akapewa miaka 10 katika gereza la vijana la Algoa, akaachiwa siku alipotimiza miaka 21. Mwaka uliofuata alimwoa Themetta Suggs, aliyeitwa Toddy, na hawakuachana mpaka kifo.

Mara ya pili ndiyo iliyoikata kazi yake katikati. Desemba 1959 alikamatwa kwa kumvusha mipaka ya majimbo msichana wa miaka 14, aliyekuwa amempa kazi katika klabu yake ya St. Louis. Sheria iliyotumika ilikuwa ya mwaka 1910, iliyokataza kumsafirisha mwanamke kutoka jimbo hadi jimbo kwa makusudi ya uasherati. Jaji wa kesi ya kwanza alitoa maneno ya kibaguzi wazi kiasi kwamba mahakama ya rufaa iliifuta hukumu. Kesi ikaanza upya, akapatikana na hatia tena, akawa ndani kuanzia Februari 1962 hadi Oktoba 1963. Wapenzi wake hupenda kuishia kwenye ubaguzi wa yule jaji. Jaji alikuwa mbaguzi, na msichana alikuwa na miaka 14. Yote mawili ni kweli, na la kwanza halilifuti la pili.

Mara ya tatu ilikuwa 1979, kwa kukwepa kodi: miezi minne na saa 1,000 za kutumikia jamii. Tarehe 1 Juni mwaka huohuo alikuwa ametumbuiza Ikulu ya Marekani mbele ya Rais Jimmy Carter. Wiki chache baadaye akahukumiwa.

Na kashfa hazikuishia hapo. Mwaka 1990 wanawake walimshtaki kwa madai ya kuwekwa kamera katika choo cha mgahawa wake huko Wentzville, na shauri likamalizwa kwa fidia.

Muziki wa kulipwa aliuanzaje?

Kwa kuziba pengo la mgonjwa. Johnnie Johnson, mpiga piano, alikuwa na bendi ya watu watatu, na mpiga saksafoni wake akapata kiharusi. Mkesha wa mwaka mpya, kufungua 1953, Johnson akamwita Berry aje kujazia. Berry alikuja kujazia, hakuondoka. Hazikupita siku nyingi bendi ikawa inajulikana kwa jina lake.

Ukumbi wao ulikuwa Cosmopolitan Club, East St. Louis, ng'ambo ya mto Mississippi. Wateja walikuwa weusi, wamezoea bluzi. Berry akawatupia nyimbo za kantri, muziki wa wazungu wa mashambani. Mwanzoni walicheka na kuulizana huyu mweusi wa kijijini katokea wapi. Baadaye wakawa wanaziomba wazicheze, na wazungu nao wakaanza kuvuka mto kuja kusikia. Kwa bluzi aliiga sauti ya Muddy Waters, mwimbaji wa bluzi wa Chicago, kwa nyimbo laini akatamka maneno waziwazi kama mwimbaji Nat King Cole. Ule utamkaji safi ndio uliowafanya baadhi ya mapromota, waliomsikia redioni tu, kumwalika wakidhani ni mzungu.

"Maybellene" ilitokeaje?

Mei 1955 Berry alikwenda Chicago, akamsikiliza Muddy Waters ukumbini, kisha akamwendea kumuuliza arekodi wapi. Muddy akamwelekeza kwa Leonard Chess wa Chess Records, kampuni ya kurekodi muziki. Berry alidhani bluzi zake ndizo zitakazomvutia Chess, kwa kuwa lebo ile ilijulikana kwa bluzi. Chess akazipita, akakamata wimbo wa mzaha uliotokana na "Ida Red", wimbo wa kale wa kantri. Ukabadilishwa maneno na jina, ukarekodiwa tarehe 21 Mei 1955: Berry kwenye gitaa, Johnson kwenye piano, Willie Dixon kwenye besi, Ebby Hardy kwenye dramu na Jerome Green kwenye manyanga.

Hadithi yenyewe ni ya mwanamume ndani ya Ford anamfukuza mpenzi wake msaliti aliyemo kwenye Cadillac. Injini inachemka, mvua inanyesha, injini inapoa, anampata kilimani. Dakika mbili na nusu hivi, basi. Ulifika namba 1 kwenye chati ya midundo ya weusi na kuingia tano bora ya chati ya wote. Mtunzi alikuwa na miaka 28, mume wa mtu na baba, tayari mkubwa kuliko wasikilizaji wake kwa miaka kumi.

Mbona santuri ya zamani inataja watunzi watatu?

Umeangalia vizuri. Pamoja na Berry waliandikwa Alan Freed na Russ Fratto. Freed alikuwa mtangazaji wa redio mwenye nguvu kuliko wote wakati ule, na Fratto alikuwa na uhusiano wa kibiashara na akina Chess. Hakuna kati yao aliyetunga hata mstari. Freed alipewa fungu la mirabaha ili aupige wimbo redioni, na akaupiga kwelikweli. Berry alisema aligundua baadaye, hesabu zilipotoka. Haki kamili ya wimbo ilimrudia mwaka 1986, miaka 31 baada ya kurekodi.

Kishike kisa hiki, kwa sababu kinaeleza tabia yake ya pesa kuliko kingine chochote.

Gitaa lake lilikuwa na jipya gani?

Hapa wapigaji wenzangu mnisikilize, wengine mnaweza kuruka.

Kwanza, anapiga nyuzi mbili kwa pamoja na kuzivuta, gitaa likalia kama saksafoni mbili zinazojibizana. Hakubuni hilo peke yake. T-Bone Walker, mpiga gitaa wa bluzi, alikuwa akifanya hivyo kabla, na utangulizi wa "Johnny B. Goode" unafanana mno na ule aliopiga Carl Hogan mwaka 1946 kwenye wimbo wa Louis Jordan, "Ain't That Just Like a Woman". Usikilize wa Hogan kisha urudi kwa Berry, utatabasamu. Alichofanya Berry ni kuutoa pembeni, kuuongeza kasi na kuufanya uwe mlango wa wimbo.

Pili, na hili hupotea kwa wengi wanaokopi: kwenye rekodi zake za mwanzo dramu inabembea kwa mtindo wa zamani, lakini gitaa linakwenda sawasawa, pigo kwa pigo, kama treni. Midundo miwili inasuguana, na joto la rekodi zile linatoka kwenye msuguano huo. Bendi za baadaye zilinyoosha vyote viwili, wimbo ukawa mwepesi kucheza na mkavu kusikiliza.

Tatu, angalia funguo, yaani sauti ambayo wimbo umejengwa juu yake. "Johnny B. Goode" iko B-flati. Mpiga gitaa aliyejifunza peke yake huanza na E au A, kwa sababu nyuzi wazi zinamsaidia. B-flati ni ufunguo wa wapiga tarumbeta na wapiga piano. Jambo hilo linatupeleka kwenye swali lifuatalo.

Je, Johnnie Johnson ndiye aliyetunga nyimbo hizo?

Novemba 2000 Johnson alifungua kesi akidai ushirika katika nyimbo zaidi ya 50. Mwaka 2002 mahakama ikaitupa kwa sababu muda mrefu mno ulikuwa umepita, bila kuamua nani alitunga nini. Keith Richards, mpiga gitaa wa bendi ya Rolling Stones, alikuwa amepiga kelele kabla ya hapo kuhusu funguo za piano, kwamba Berry alijenga gitaa lake juu ya vidole vya Johnson.

Maoni yangu: sauti ya nyimbo zile waliipika wawili, kama ilivyo kwa bendi yoyote inayofanya mazoezi pamoja kila wiki. Maneno ni ya Berry, na Johnson mwenyewe hakudai maneno. Kwa sheria, mtunzi ni mmoja. Kwa masikio, wapishi ni wawili.

Mnasema ni mtunzi mkubwa, lakini mimi nasikia magari na wasichana tu. Ukubwa uko wapi?

Nashukuru kwa swali hili kuliko yote.

Chukua "Memphis, Tennessee" wa mwaka 1959. Mwanamume anaongea na opereta wa simu. Wewe uliyezaliwa na simu ya mkononi huenda huujui ulimwengu huo: unainua mkono wa simu, unamwomba dada wa mitambo akuunganishe, na namba ukiwa huna unajieleza. Bwana huyu anamwomba opereta amtafutie Marie, aliyempigia bila kuacha namba. Anaeleza nyumba ilipo, anaeleza wanavyokumbukana, anasema mama yake Marie ndiye aliyewatenganisha. Beti zote unajua unasikiliza mapenzi yaliyovunjika, na mama mkwe mwenye roho mbaya. Mwishoni kabisa ndipo anataja kwamba Marie ana miaka sita. Ni mwanawe. Wimbo unaisha hapohapo, hana muda wa kukufuta machozi. Ukiurudia, kila mstari una maana nyingine.

Au "You Never Can Tell": vijana wawili wanaoana, wazee wanatikisa vichwa. Hakuna tukio kubwa. Kuna friji iliyojaa vyakula rahisi vya dukani, kuna santuri, kuna gari kuukuu lililopakwa rangi. Kwa kuorodhesha vitu vya ndani tu anakuonyesha ndoa inakua. Vijana wa leo wanaujua kutokana na dansi ya kwenye filamu ya Pulp Fiction ya 1994.

Kisha "Promised Land". Kijana anatoka Norfolk, Virginia, kwenda California, kwa basi, treni na ndege. Njiani anataja Rock Hill na Birmingham. Mwaka 1961 wanaharakati waliopanda mabasi kupinga ubaguzi walipigwa Rock Hill, kisha wakapigwa tena Birmingham. Berry hasemi neno juu ya vipigo. Basi la kwenye wimbo linaharibika Alabama, na msafiri anafanya haraka kuondoka huko. Aliyejua alielewa, asiyejua alicheza. Aliutunga gerezani, na ameandika kwamba alipoomba ramani ili apange safari, wakuu wa gereza walisita kumpa mfungwa ramani ya nchi.

Zaidi ya hapo alibuni maneno. Kuendesha gari alikuundia kitenzi chake cha mzaha, na kila Mmarekani akaelewa papo hapo bila kamusi. Anayejua Kiswahili cha mitaani anajua raha ya kitenzi kinachozaliwa leo na kesho kimeenea mji mzima.

"Johnny B. Goode" ni yeye mwenyewe?

Nusu. Jina la Goode ni la barabara aliyozaliwa, Goode Avenue. Lakini Johnny wa wimbo anatoka vichakani Louisiana na kusoma na kuandika ni shida kwake, na Berry alikuwa mtoto wa mjini wa mama mwalimu. Mwanzo aliandika kwamba kijana huyo ni mweusi, akabadilisha akaweka wa shamba, ili redio za wazungu zisiukatae. Neno moja likafungua milango yote. Ulitoka 1958, ukafika namba 8.

Ule mwendo wa kuchuchumaa huku anapiga gitaa ulitoka wapi?

Mwendo wa bata. Alisema aliufanya tangu utotoni akiingia chini ya meza kufuata mpira, watu wa nyumbani wakicheka, kisha 1956 akaupandisha jukwaani New York. Magoti yake yaliustahimili hadi uzeeni.

Beach Boys, Beatles na Rolling Stones walimwibia?

Inategemea nani na lini. Rolling Stones walitoa santuri yao ya kwanza Juni 1963, nayo ni "Come On", wimbo wa Berry, kwa jina la Berry. Beatles walirekodi "Roll Over Beethoven" na "Rock and Roll Music", pia kwa jina lake. Huo ni ukopi wa halali, unaomlipa mtunzi.

"Surfin' U.S.A." ya Beach Boys, mwaka huohuo, ni habari nyingine. Ni "Sweet Little Sixteen" yenye maneno mapya ya bahari na mawimbi. Wachapishaji wa Berry wakabisha hodi, na haki zikaenda kwao. Wakati wote huo mwenye nyimbo alikuwa gerezani. Alipotoka Oktoba 1963 alikuta vijana wa Kiingereza wamemfanyia matangazo ya bure, na 1964 akarudi chatini na "Nadine" na "No Particular Place to Go".

Ama John Lennon wa Beatles, alichukua mstari wa "You Can't Catch Me" akaanzia nao "Come Together" ya 1969. Aliyemshtaki hakuwa Berry bali Morris Levy, aliyemiliki haki za uchapishaji. Wakapatana nje ya mahakama kwamba Lennon arekodi nyimbo za Levy. Mtunzi mwenyewe alikuwa mtazamaji katika ugomvi juu ya wimbo wake.

Kweli alikuwa bahili na mkorofi?

Kwa mapromota, ndiyo. Kwa miaka mingi alisafiri peke yake na gitaa. Bendi ilitafutwa na mwenyeji, wapigaji wa palepale mjini, bila mazoezi na bila orodha ya nyimbo. Mwaka 1973 mmoja wa waliomsindikiza hivyo alikuwa Bruce Springsteen, kijana asiyejulikana bado. Malipo yalikuwa keshi, mkononi, kabla hajapanda. Ampilifaya zisipokuwa zile za kwenye mkataba, aliongeza bei. Saa ikifika anafunga gitaa na kuondoka.

Matokeo yake maonyesho mengi yalikuwa mabovu, na siwezi kuyatetea. Bendi isiyokujua haiwezi kukufuata ukibadilisha ufunguo katikati kwa ukorofi tu. Lakini mrudie Alan Freed kwenye lebo ya "Maybellene" uone mtu huyu alijifunzia wapi kwamba pesa isiyo mfukoni mwako ni ya mwingine. Hasara ni kwamba somo hilohilo, keshi bila maandishi, ndilo lililomfikisha mbele ya watu wa kodi.

Ni wimbo gani wake uliofika namba 1 kwenye chati kuu ya Marekani?

Mmoja tu, na si wake. "My Ding-a-Ling" ya 1972 ni mzaha wa matusi ya kitoto uliotungwa na Dave Bartholomew miaka 20 kabla, ukarekodiwa mubashara Coventry, Uingereza. "Johnny B. Goode" iliishia namba 8 na huu ukashika kilele. Chati hazina aibu.

Ni kweli wimbo wake uko angani?

Ndiyo. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili, Voyager 1 na Voyager 2, kila kimoja na santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu kwa ajili ya yeyote atakayeiokota. Katika miziki 27 iliyomo, pamoja na Bach na Beethoven, imo "Johnny B. Goode". Beethoven aliyeambiwa apishe njia katika "Roll Over Beethoven" ya mwaka 1956 sasa anasafiri na aliyemfukuza.

Umo pia wimbo wa unyago wa wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, Kongo, pande ambazo Kiswahili ni lugha ya sokoni. Salamu zimo kwa lugha 55, Luganda na Kinyanja zikiwemo, na hata Kisumeri, ambacho hakina msemaji kwa maelfu ya miaka. Kiswahili hakimo. Hili silisamehi.

Alirekodi mpaka lini?

Albamu "Rockit" ilitoka 1979, kisha kimya cha miaka 38 bila nyimbo mpya. Hakuacha jukwaa: kuanzia 1996 hadi 2014 alipiga kila mwezi katika mgahawa wa Blueberry Hill, St. Louis, kwenye ukumbi mdogo wa chini, wanawe wakimsindikiza. Alipotimiza miaka 90 alitangaza albamu mpya, "Chuck", akiitoa kwa heshima ya mkewe Toddy. Ilitoka Juni 2017, karibu miezi mitatu baada ya kifo chake.

Nianze na nyimbo gani?

Anza na "Maybellene" usikie mlango unavyofunguka. Kisha "Too Much Monkey Business", malalamiko ya mfanyakazi wa kawaida yanayomwagika mfululizo kama ya abiria wa daladala saa moja asubuhi. Kisha "Promised Land", ramani ikiwa mkononi. "Memphis, Tennessee" uiweke ya mwisho, usiku, na kama kuna mtu chumbani usimwambie Marie ni nani.